Somo: Kuhamisha historia ya mauzo katika programu ya mipango baada ya biashara kubadilika

Kampuni inapogawa eneo la mauzo, kufunga bohari au kubadilisha ujazo wa bidhaa, watu wa mauzo huanza utaratibu mpya Jumatatu asubuhi, lakini programu ya mipango hubaki imeshikilia ramani ya zamani. Msimbo mpya, yaani namba au jina ambalo programu hulitumia kutambua eneo, bohari au bidhaa, hauna mauzo hata ya wiki moja nyuma yake, kwa hiyo utabiri wake unaanzia sifuri, huku msimbo wa zamani, ambao hakuna tena anayeuza kwa jina lake, ukiendelea kutabiriwa kana kwamba wateja wake wangalipo. Ndipo lori hutoka Kampala likipeleka mzigo pasipo na mnunuzi, na penye mnunuzi pakakosa. Somo hili linaeleza namna ya kuihamisha historia ili iifuate biashara kule ilikokwenda. Linamfaa mpangaji wa ugavi anayetumia SAP IBP, programu ya mipango ya kampuni ya SAP, ambayo ina zana yake mahususi ya kazi hii, na vilevile yule mwenye programu ndogo inayomlazimu kutoa data kwenye Exceli na kuirudisha.

Mfano wetu ni sabuni ya mche inayouzwa Nile Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kampuni iliyopanga maeneo yake ya mauzo kwa wilaya. Wilaya zetu, kama mnavyojua, hazitulii. Julai 2019 Madi-Okollo ilimegwa kutoka Arua. Julai 2020 Terego nayo ikamegwa, na mwezi huohuo mji wa Arua ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Historia yote ya kabla ya hapo imeandikwa chini ya neno moja tu: Arua.

Hatua ya 1: Kubalianeni ni badiliko la aina gani

Kabla ya kufungua programu, kaa na mtu wa mauzo mwelezane kwa maneno ya kawaida nini kimetokea. Kubadilisha jina ni kazi nyepesi, kwa maana kimoja kinakwenda kwa kimoja. Kuunganisha bohari mbili pia hakusumbui sana, kwa sababu ni kujumlisha. Kugawa ndiko kwenye kazi, kwa kuwa programu haiwezi kujua nani alinunua nini ndani ya jumla iliyorekodiwa kama kitu kimoja. Lazima mtu aiambie. Bidhaa mpya kurithi bidhaa ya zamani huonekana kama kubadilisha jina, kumbe ndani yake mna swali la vipimo, nalo nitalirudia.

Hatua ya 2: Andika jedwali la uhamisho

Hapa ndipo muda wako mwingi uishie. Jedwali liwe na msimbo wa chanzo (historia inakotoka), msimbo wa lengwa (inakokwenda), uwiano, kipindi kinachohusika na takwimu zitakazohama. Tuseme Arua ya zamani iliuza katoni 2,400 kwa mwezi, na mmekubaliana kwamba jiji la Arua lichukue asilimia 55, Terego 20, Madi-Okollo 15, na wilaya ya Arua iliyobaki 10. Mwezi huo utagawanyika kuwa katoni 1,320, 480, 360 na 240. Jumla ya uwiano wa kila chanzo lazima iwe 100 kamili. Ikiwa 98, umepoteza sabuni ya watu, na ikiwa 103, umetengeneza sabuni ambayo haikuwahi kuuzwa.

Uwiano huo unatoka wapi? Wengi hukimbilia idadi ya watu, na mimi sikubaliani nao. Sensa inakuambia watu wanalala wapi, lakini haikuambii wanafunga mzigo wapi, na mfanyabiashara wa Terego anayenunua jijini Arua ataendelea kununua jijini hata baada ya wilaya yake kupata ofisi zake. Chukua ankara za miezi 12 ya karibuni, zipange kwa wakala, kisha umweke kila wakala kwenye wilaya anayopokelea mzigo. Ni kazi ya siku mbili, lakini utakuwa na uwiano unaoweza kuutetea mbele ya meneja wa mauzo.

Safu ya kipindi nayo si pambo. Tuseme kampuni ilianza kuandika mauzo ya Madi-Okollo peke yake tangu Julai 2019, ila haikugusa historia ya nyuma. Mauzo ya kabla ya Julai 2019 yatagawanywa sehemu nne kwa uwiano nilioutaja. Yale ya Julai 2019 hadi Juni 2020 hayana tena Madi-Okollo ndani yake, kwa hiyo yatagawanywa sehemu tatu, na uwiano wa 55, 20 na 10 utahesabiwa upya juu ya 85: yaani asilimia 64.7, 23.5 na 11.8. Ukitumia uwiano wa sehemu nne kwa kipindi chote, utakuwa umeimega Madi-Okollo mara mbili.

Jihadhari pia na desimali. Wiki yenye katoni 38, ikigawanywa na kila sehemu ikakadiriwa kwa namba nzima, inatoa 21, 8, 6 na 4, ambazo jumla yake ni 39. Katoni moja si kitu, lakini ukizidisha kwa wiki 156 na bidhaa 200, mhasibu atakuuliza. Hifadhi desimali katika historia, na ukadirie kwa namba nzima pale oda inapotolewa tu.

Sasa swali la vipimo. Tuseme mche wa kilo 1 umeondolewa na kurithiwa na mche wa gramu 800, na katoni inabaki na miche 25. Ukihesabu kwa uzito, katoni 100 za zamani ni sawa na 125 za sasa. Ukihesabu kwa miche, 100 ni 100. Kipi ni sahihi? Nenda dukani uone. Mwenye duka anaulaza mche juu ya gazeti, anaukata vipande kwa kisu, na mteja anakuja na sarafu yake ya shilingi 500 akitaka kipande cha shilingi 500. Kama mwenye duka atakata vipande vilevile kwa idadi na kuacha viwe vyembamba, mahitaji yanafuata miche. Kama atalinda unene, yanafuata uzito. Ukweli huwa katikati, na kizidishi cha 1.1 kilichotolewa na muuzaji anayezunguka madukani ni bora kuliko 1.25 iliyotoka kwenye kikokotoo.

Hatua ya 3: Fungia mlango, kisha chukua nakala rudufu

Waombe watumiaji watoke, simamisha kazi za usiku zinazoingiza mauzo kutoka mfumo wa uhasibu, halafu toa nakala ya takwimu zote utakazozigusa. Nakala iliyo ndani ya programu ileile unayoibadilisha haitoshi. Weka nyingine nje.

Hatua ya 4: Sajili misimbo mipya kwanza

Lengwa lisilokuwepo kwenye data kuu, yaani orodha za maeneo, wateja na bidhaa ambazo programu inazitambua, haliwezi kupokea kitu, na programu nyingine hazigombi: huruka mstari huo kimyakimya na kukuandikia kwamba kazi imekamilika. Sajili eneo, mteja na bidhaa, kisha uunde mchanganyiko wa vyote vitatu, maana programu huhifadhi mauzo kwenye mchanganyiko huo.

Hatua ya 5: Jaribu kwa bidhaa moja, kisha endesha zote

Chagua bidhaa yenye mauzo ya kila wiki, iendeshe katika mazingira ya majaribio, na uitazame kwa macho yako mwezi kwa mwezi. Ukiridhika, endesha zote, lakini kwanza soma vizuri ule mpangilio unaouliza kama data ya chanzo iandikwe juu ya ile iliyo kwenye lengwa au ijumlishwe nayo. Katika kuunganisha unahitaji kujumlisha. Katika kubadilisha jina, kuandika juu kunakulinda.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, na uliporudi nikaiendesha tena tangu mwanzo bila kukumbuka kwamba nilikuwa nimechagua kujumlisha. Nusu ya bidhaa zikapata historia maradufu. Hatukugundua kwenye skrini. Tuligundua bohari ya Mbale ilipojaa mpaka katoni zikapangwa kwenye kibanda cha askari wa zamu, naye akawa anakaa nje na kiti chake. Tangu siku hiyo, kazi ikikatika njiani, ninarudisha nakala rudufu kwanza na kuanza upya.

Hatua ya 6: Linganisha jumla

Jumla kuu peke yake inadanganya, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana. Linganisha kwa kila bidhaa na kila mwezi: kilichokuwa kwenye vyanzo kabla, na kilichopo kwenye malengwa baada, ukizingatia vizidishi vya vipimo. Tofauti yoyote iandikiwe sababu.

Hatua ya 7: Shughulikia visivyohama vyenyewe

Historia ikishahama, bado kuna akiba ya tahadhari, siku za kusubiri mzigo, vigezo vya utabiri, oda zilizo wazi na vichujio ambavyo watumiaji wamejiwekea kwenye kurasa zao. Akiba ya tahadhari isigawanywe kwa uwiano uleule wa mauzo. Maeneo manne madogo yanayoyumba kila moja kwa wakati wake huhitaji kwa pamoja akiba kubwa kuliko eneo moja kubwa, ikiwa kila eneo lina bohari yake. Kama yote bado yanalishwa na bohari moja ya Arua, akiba ibaki bohari kama ilivyokuwa. Kisha hakikisha mfumo wa uhasibu unatuma mauzo mapya kwa misimbo mipya kabla hujazifungua kazi za usiku, la sivyo usiku wa kwanza tu utakurudisha nyuma.

Maswali ya wanachama

Mpangaji wa kampuni ya maziwa, Mbarara: Mwalimu, asante kwa somo. Sisi tuna Kiruhura na Kazo, zilizogawanyika mwaka 2019, na sasa ndiyo tunataka kuzitenganisha kwenye programu. Je, nihamishe na utabiri uliokwisha kuandikwa, au historia pekee?

Jibu: Hamisha historia, kisha uiache programu itabiri upya, kwa kuwa utabiri uliogawanywa kwa uwiano hautaonyesha kwamba Kazo ina mwenendo wake. Marekebisho ya mkono ambayo wauzaji waliyaweka kwa miezi ijayo yahamishe kwa uwiano, ila wapigie simu wayathibitishe. Ule utabiri wa miezi iliyopita, unaoutumia kupima usahihi, uhamishe kwa jedwali lilelile la historia, usije ukalinganisha mauzo ya Kazo na utabiri ambao haupo.

Msimamizi wa bohari, Kabale: Ssebo, sisi mpaka wa Katuna, wa kwenda Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Tunaunganisha bohari mbili, na historia ya miaka hiyo haifanani na biashara yetu. Niiache nyuma?

Jibu: Usiiache nyuma, kwa sababu hesabu za jumla hazitalingana na hutaweza kueleza pengo. Ihamishe yote, halafu weka alama kwenye kipindi hicho ili kisitumike katika utabiri. Na usidhani miezi yote ina ugonjwa mmoja: katikati yake kuna pia kufungwa kwa shule, zote au baadhi ya madarasa, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na bidhaa za wanafunzi zilianguka hata kwenye bohari zilizo mbali kabisa na mpaka. Alama ya mpaka na alama ya shule ziwe mbili tofauti.

Mchambuzi wa mauzo ya vinywaji, Kampala: Mwaka 2019 vifuko vya pombe kali vilipopigwa marufuku na kifungashio kidogo kikawa cha mililita 200, tulianza misimbo mipya bila historia. Nikizihamisha data za vifuko sasa, kizidishi kiwe cha mililita?

Jibu: Dada, hapo sasa mmeshachelewa kwa faida yenu. Mna miaka ya mauzo halisi ya chupa, na hayo ni ushahidi bora kuliko historia ya kifuko kilichozidishwa kwa namba yoyote. Aliyekuwa akinunua kifuko kimoja si lazima awe ndiye mnunuzi wa chupa leo. Acha vifuko kwenye kumbukumbu bila kuvihamisha.

Mpangaji wa malighafi, Jinja: Tumehamisha sehemu ya mizigo kutoka njia ya Mombasa na Malaba kwenda ile ya Dar es Salaam, Mwanza na Port Bell. Je, zana hii inasaidia?

Jibu: Hapana, kwa sababu mahitaji yenu hayajahama, iliyohama ni njia ya mzigo. Badilisheni chanzo cha ugavi, mgao wa kila njia na siku za kusubiri, na hizo siku mzichukue kwenye tarehe za mizigo yenu wenyewe iliyokwisha kufika.

Mwanachama wa Gulu: Msimbo wa zamani niufute lini?

Jibu: Mwanzoni ufungie tu usitabiriwe wala kuagiziwa, kisha subiri mizunguko miwili ya mipango ya mwezi ipite. Kabla ya kufuta, tazama kama una oda iliyo wazi, mzigo ulio barabarani au bidhaa zilizobaki bohari. Kama bado kuna katoni hata kumi za mche wa kilo 1 kwenye kona ya bohari, msimbo wake usifutwe. Mtu atahitaji kuziuza, na ankara yake itahitaji msimbo huo.