Jinsi ya kumlea mkunga mpya bila kujimaliza

Ukipangwa zamu na mkunga mpya, jua mapema kwamba kazi unayoimaliza kwa dakika kumi itakula nusu saa, na akina mama waliolala wodini hawatapungua kwa kuwa unafundisha. Naipenda kazi ya kuwalea wageni kuliko nyingine yoyote hapa wodi ya wazazi. Lakini ina gharama, na usipozipanga utaichukia.

Mpe jambo moja kwanza. Mimi huanza na patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama: asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, yakishuka chini ya 110 au kupita 160 kwa dakika aseme, "Sista, njoo," hata kama nimekaa kunywa chai. Mwambie waziwazi kwamba hakusumbui. Mgeni anayeogopa kuita ndiye wa hatari.

Mtoto akitoka, mwache mgeni aseme kwa sauti anachofanya: namkausha, namsugua mgongo, analia. Asipolia, iko ile dakika ya dhahabu tu, ya kwanza baada ya kuzaliwa, ya kuanza kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa. Ambu aizoee kwenye mdoli wodi ikitulia, asiishike mara ya kwanza juu ya mtoto wa mtu. Kwa mama, apapase tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu, uniti 10 pajani. Mimi nasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Kujizuia nisimpokonye kazi kunanichosha kuliko kusimama usiku kucha. Ukiona hatari, ingia. Maneno yasubiri mkiwa wawili.

Mafaili yako utayaandika wenzako wakishaondoka, na kwetu hakuna posho ya kufundisha. Kwa hiyo muone inchaji, msimamizi wa wodi, kabla ratiba haijatoka. Nikimaliza na mgeni mmoja, naomba mwezi wa kufanya kazi na wazoefu, na naomba bila haya. Ukichoka utaanza kufoka, na mkunga anayefokewa hujaza patografu mwisho wa zamu kwa kukisia.

Mtoto akifariki, mgeni atalia na wewe ndiye utakayemshika. Wa kukushika wewe mtafute mapema. Mimi nampitia mkunga mstaafu jirani yetu asubuhi kabla sijafika nyumbani. Simtajii jina la mgonjwa, nakaa tu hadi kifua kitulie.

Malipo huja usiku mmoja mama anapovuja damu baada ya kujifungua. Unageuka kuomba dripu, unakuta mgeni wako ameshaiweka, anasugua tumbo, na daktari ameshaitwa. Hakuna mshahara ulionipa furaha ile.

Kisha watamhamisha, na itauma. Wangu waliopelekwa zahanati za mbali bado hunipigia usiku wanapokwama. Simu zao napokea, kwa sharti moja: gari la rufaa liitwe kwanza, ndipo anipigie mimi.