Kuchora grafu ya y = −2x + 3 kwa kuubadilisha mstari wa y = x

Wengi wetu tulizoeshwa kujaza jedwali la thamani za x na y, kisha kuunganisha nukta. Njia hiyo inafika, ila haionyeshi kila namba iliyomo kwenye mlinganyo inafanya kazi gani. Hapa tutaanza na mstari mmoja, y = x, na kuugeuza mpaka uwe y = −2x + 3.

Hatua ya 1. Chora mihimili kwenye karatasi ya grafu kwa vipimo vinavyolingana, tia alama (0, 0), (1, 1) na (2, 2), kisha pitisha rula.

Hatua ya 2. Zidisha kila y kwa 2, x ikibaki ilivyo. Nukta (1, 1) inakuwa (1, 2) na (2, 2) inakuwa (2, 4), lakini (0, 0) haisogei, kwa kuwa sifuri mara mbili ni sifuri. Mstari umesimama zaidi.

Hatua ya 3. Geuza alama ya kila y, upate (1, −2) na (2, −4). Mstari umeakisiwa kwenye mhimili wa x, na sasa unashuka ukiusoma kutoka kushoto.

Hatua ya 4. Pandisha kila nukta vizio 3: (0, 3), (1, 1), (2, −1). Hakiki ya mwisho: −2 × 2 + 3 = −1.

Mpangilio huu usiuvuruge. Ukianza kwa kupandisha, unapata y = x + 3; ukizidisha kwa 2, ile 3 nayo inazidishwa na kuwa 6; ukiakisi, unaishia na y = −2x − 6, mstari ulio sambamba na tunaoutaka lakini uko vizio 9 chini yake. Kosa hili hujificha vizuri, kwa sababu mteremko unatoka sahihi na mwanafunzi anaridhika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwa nini y = 2(x − 3) unasogea kulia ilhali kuna alama ya kutoa?

Jiulize y inakuwa sifuri wapi. Kwenye y = 2x ni pale x ikiwa 0; hapa ni lazima x ifike 3 kwanza, kwa hiyo kila nukta imesubiri vizio 3 zaidi upande wa kulia. Ukifungua mabano unapata y = 2x − 6, yaani kuusogeza mstari huu kulia vizio 3 ni sawasawa na kuushusha vizio 6.

Na nikipewa 2x + y = 3?

Iache y peke yake upande mmoja. Utaona ni mstari uleule tuliouchora.

Shikamoo mwalimu. Je, x = 4 nao unatokana na y = x?

Marahaba. Kwa hatua hizi, hapana. Huo ni mstari wima, wenye x moja na y zisizo na idadi. Uchore moja kwa moja kupitia (4, 0).