Jinsi ya Kutoa Sadaka Moja kwa Moja Kutoka Akaunti ya IRA: Mwongozo kwa Wastaafu Walioko Marekani

Kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi, na wateja wangu wengi ni wastaafu kutoka Afrika Mashariki waliofanya kazi Marekani kwa miaka mingi. Wengi wao hutoa fungu la kumi na sadaka nyingine kwa hundi ya benki ya kawaida, ilhali wana akaunti ya IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, ambayo sheria inawalazimisha kutoa fedha humo kila mwaka na kuzilipia kodi. Tangu mwaka 2006, mwenye IRA aliyefikia umri uliowekwa anaruhusiwa kuelekeza fedha kutoka akaunti hiyo hadi shirika la hisani bila kuzipitisha mikononi mwake, na fedha hizo hazihesabiwi kuwa kipato chake. Utaratibu huo, unaojulikana kwa kifupi cha QCD, ulihuishwa mara kwa mara hadi Desemba 2015, ulipofanywa kuwa wa kudumu.

Faida yake inatokana na jambo ambalo wengi hawalitambui. Mchango wa kawaida hupunguza kodi hasa kwa yule anayeorodhesha makato yake moja moja kwenye ritani, lakini wastaafu walio wengi hutumia makato ya kawaida, yaani kiasi kimoja kilichowekwa na sheria cha kuondoa kwenye kipato, ambayo kwa mwaka 2025 ni dola 17,750 kwa mtu asiye na mwenzi aliyetimiza miaka 65. Kuanzia mwaka 2026, wasioorodhesha wanaruhusiwa kuondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi michango ya fedha taslimu isiyozidi dola 1,000, au dola 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha ritani pamoja, na kwa mtoaji mkubwa hicho ni kiasi kidogo. QCD, kwa upande wake, haiingii kabisa kwenye kipato, na kipato hicho ndicho kinachoamua ni sehemu gani ya malipo yako ya Social Security (pensheni ya serikali) itatozwa kodi na kama utalipa nyongeza ya Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo hupimwa kwa ritani ya kipato cha miaka miwili nyuma.

Hatua ya kwanza: Hakiki umri na aina ya akaunti

Umri unaotakiwa ni miaka 70 na nusu, nao huhesabiwa kwa tarehe. Aliyezaliwa tarehe 10 Machi 1955 anaufikia tarehe 10 Septemba 2025. Fedha zilizotoka Agosti ya mwaka huohuo si QCD. Usiuchanganye umri huu na ule wa kuanza kutoa kiwango cha lazima cha kila mwaka, yaani RMD, ambao sasa ni miaka 73, na utakuwa 75 kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye.

Akaunti inayofaa ni IRA ya kawaida. IRA ya aina ya Roth, ambayo fedha zake huwekwa zikiwa zimeshalipiwa kodi, haikatazwi, ila kwa maoni yangu ni kupoteza nafasi, kwa kuwa fedha zake kwa kawaida hutoka bila kodi. Mipango ya akiba ya uzeeni ya mwajiri kama 401(k) na 403(b) hairuhusiwi, na hapo ndipo wauguzi na walimu wengi hukwama. Mwenye akaunti hizo anaweza kuhamishia fedha kwenye IRA kwanza, lakini ikiwa ameshafikia umri wa RMD, kiwango cha lazima cha mwaka huo lazima kitolewe kabla ya kuhamisha, kwa sababu RMD yenyewe haihamishiki.

Hatua ya pili: Hakiki anayepokea

Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko zote. Mpokeaji lazima awe shirika la hisani la umma la Marekani linalotambuliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi. Mifuko ambamo mtoaji huweka fedha kisha akapendekeza baadaye ziende wapi haikubaliki kwa QCD, wala wakfu nyingi za kifamilia. Mamlaka ya kodi, IRS, ina ukurasa wa kutafuta mashirika yaliyosajiliwa. Makanisa na misikiti inaweza isionekane humo, kwa kuwa sheria haiyalazimishi kuomba utambuzi huo, hivyo omba uongozi ukupe barua na namba ya kodi ya shirika, yaani EIN.

Vyama vyetu vya kusaidiana na kuzikana, vinavyokusanya fedha ili kusafirisha mwili wa marehemu hadi Mwanza au Kisumu, mara nyingi vimesajiliwa kama mashirika yasiyo ya faida katika ngazi ya jimbo tu, na usajili huo si 501(c)(3). Harambee ya kumlipia mgonjwa fulani bili ya hospitali ni msaada kwa mtu binafsi, nayo haihesabiki. Vivyo hivyo huwezi kutuma QCD moja kwa moja kwa shule ya Moshi, msikiti wa Mombasa au zahanati ya Bukavu. Kinachowezekana ni kulipatia fedha shirika la Marekani lenye miradi huko, mradi shirika hilo lenyewe ndilo linaloamua matumizi. Likiwa ni bomba tu la kupitishia fedha zako kwa mtu uliyemtaja, IRS inaweza kuukataa mchango huo.

Hatua ya tatu: Piga hesabu kabla ya kutoa chochote

Chukua salio la IRA la tarehe 31 Desemba ya mwaka uliopita, uligawe kwa namba ya umri wako kwenye jedwali la IRS. Tuseme mama muuguzi mstaafu ametimiza miaka 73 mwaka 2025, na salio lake lilikuwa dola 265,000. Namba ya umri huo ni 26.5, kwa hiyo RMD yake ni dola 10,000. Akilielekezea kanisa lake dola 6,000 kwa QCD, atabakiwa na dola 4,000 tu za kujitolea mwenyewe.

Mpangilio wa wakati una uzito, kwa kuwa fedha za kwanza kutoka katika mwaka ndizo zinazohesabiwa kuwa RMD. Mama huyu akichukua dola 10,000 zote Januari kwa matumizi yake, QCD ya Oktoba bado itaruhusiwa, lakini haitaziondoa zile 10,000 kwenye kipato chake. Kikomo cha QCD kwa mwaka 2025 ni dola 108,000 kwa kila mtu, nacho hupanda kufuatana na mfumuko wa bei. Mume na mke kila mmoja ana kikomo chake, kutoka IRA yake mwenyewe. Ikiwa uliweka fedha kwenye IRA baada ya miaka 70 na nusu na kuziondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi, mwambie mtaalamu wako, kwa sababu zinapunguza sehemu ya QCD isiyotozwa.

Hatua ya nne: Jaza fomu ya kampuni inayotunza akaunti

Omba fomu ya QCD, si ile ya kutoa fedha za kawaida. Mlipwaji awe ni shirika, kwa jina lake rasmi. Hundi inaweza kutumwa kwako uipeleke mwenyewe ibadani, lakini ikiandikwa kwa jina lako, au fedha zikiingia kwenye akaunti yako ya benki, QCD imekufa. Kwenye sehemu ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla fedha hazijatoka, andika sifuri, maana usipochagua, kwa kawaida watakata asilimia 10. Omba jina lako liandikwe kwenye hundi kama mtoaji, la sivyo mhasibu wa kanisa atapokea hundi ya kampuni ya uwekezaji asijue imetoka kwa nani.

Anza mapema, hata kabla ya Novemba, kwani fedha lazima ziwe zimetoka ifikapo tarehe 31 Desemba. RMD isiyotolewa kwa wakati hutozwa adhabu ya asilimia 25 ya kiasi kilichobaki, ambayo hushuka hadi 10 ukirekebisha ndani ya muda uliowekwa.

Hatua ya tano: Pata stakabadhi

Iwe ya maandishi, yenye kiasi, tarehe na maelezo kwamba hukupewa chochote kwa malipo hayo, nawe uwe nayo kabla ya kuwasilisha ritani. Usitumie QCD kununua meza kwenye chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, kwa kuwa hapo unapewa kitu kwa malipo hayo.

Hatua ya sita: Ionyeshe kwenye ritani

Usitegemee kwamba fomu ya 1099-R, ambayo kampuni inayotunza akaunti hutuma kuonyesha fedha zilizotoka, itatenganisha sadaka na fedha ulizochukua. Mara nyingi imekuwa ikionyesha jumla tu. Kwa mfano wetu, kwenye fomu 1040, yaani ritani yenyewe, mstari wa 4a utaandikwa 10,000, na mstari wa 4b, wa kiasi kinachotozwa kodi, 4,000, kisha ioneshwe kwamba tofauti hiyo ni QCD. Anayekuandalia ritani asipoambiwa, ataweka 10,000 pande zote mbili. Zile 6,000 zisirudiwe tena kwenye orodha ya michango ya kawaida, kwani hazikuingia kwenye kipato tangu mwanzo.