Bima ikigoma kulipa dari iliyovunjika: jibu kipengele walichokitaja

Wengi wetu tuna bima ya nyumba kwa sababu benki ilitulazimisha tulipochukua mkopo. Makato yanakwenda, kitabu cha masharti hujawahi kukitia machoni. Basi madai yakikataliwa, kabla hujapandishia mtu sauti, kadai kwanza kitabu hicho. Ile karatasi uliyopewa siku ya kusaini haitoshi. Unataka mkataba mzima, pamoja na ukurasa unaotaja kinga za nyongeza. Kama uharibifu wa ajali haumo, yaani ulikatia moto, radi na mafuriko tu, okoa nauli yako.

Kwangu ulikuwemo. Fundi wa dishi alipanda darini, nyumbani Buswelu, akakosa mbao, mguu ukatoboa jipsamu, kipande kikashukia televisheni. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Simu ilinikuta napimisha magunia. Kampuni ya bima ikatuma mkadiriaji, yaani mtu wa kupima hasara, akapiga picha, akaenda zake. Kisha nikapigiwa: "Mama, ile dari ilishaoza kwa maji. Huo ni uchakavu."

Jibu la simu si jibu. Omba barua inayotaja namba ya kipengele wanachokitegemea, na nakala ya ripoti ya mkadiriaji. Ripoti wanaweza kukunyima. Iombe tu, kwa maandishi, ijulikane uliiomba. Barua yangu ilitaja kipengele cha uchakavu na uharibifu wa polepole. Nikaacha habari za nilivyoumia, nikabaki na swali moja: dari ilioza, au ilikanyagwa?

Doa la maji lilikuwepo kweli, la kahawia, juu ya dirisha, tangu bati lilipovuja. Lakini shimo lilikuwa upande wa pili wa chumba. Kingo zake nyeupe, kavu, ukizifikicha zinatoa vumbi. Jipsamu iliyolowa haiko hivyo: hulegea, karatasi yake hubanduka, ukungu hushika. Nikapiga picha ya karibu nikiweka rula pembeni, na nyingine nikiwa mlangoni, doa na shimo vionekane pamoja. Hiyo ya mlangoni ndiyo iliyofanya kazi, maana mkadiriaji alikuwa amelipiga picha doa peke yake. Usizibe kabla ya kupiga picha, na vipande usitupe. Vitie kwenye kiroba, uandike tarehe.

Fundi naye aandike alichofanya, aweke sahihi na namba ya simu. Wangu alisita, akidhani namtega, na hofu yake haikuwa ya bure: kampuni ikishakulipa inaweza kumgeukia aliyesababisha hasara. Mweleze hilo waziwazi, na usimwandikie maneno.

Barua yako iwe ya ukurasa mmoja: namba ya mkataba, namba ya madai, kipengele chao, ushahidi wako, kiasi unachodai. Ongeza sentensi hii: ukishaonyesha kwamba hasara imeingia ndani ya kinga, anayetaka kujitoa kwa kipengele cha kutolipa ndiye wa kukithibitisha. Ambatanisha profoma ya fundi wa dari na risiti za vitu vilivyovunjika. Chapa nakala tatu: moja waachie kampuni, yako igongwe muhuri wa kupokelewa palepale mapokezi. Ya tatu peleka benki. Nyumba ikiwa rehani, nao hela hizo zinawahusu.

Wakilegea, soma kabla ya kusaini. Hati inayosema umepokea malipo yote na huna dai lingine inafunga mlango, hata kama kiasi ni nusu. Mimi walilipa dari, wakatoa sehemu ya kujilipia mwenyewe, kile kiasi ambacho mkataba unamwachia mwenye bima. Televisheni wakaipunguza kwa umri wake, nami sikubisha, mkataba ndivyo ulivyosema.

Wakikaza, au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009. Haitozi ada, na huhitaji wakili. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulishailalamikia kampuni yenyewe. Toa ile nakala yenye muhuri.