Jinsi ya kujua kilo za peleti zilizobaki kwenye stovu bila kufungua kifuniko

Stovu ya peleti (vijiti vidogo vya mbao iliyoshindiliwa) ikiishiwa, moto hufa, skrini huonyesha hitilafu, na ukishajaza tangi bado unasubiri skrubu ya kulisha, ile inayopeleka peleti kwenye moto, ijae upya ndipo kiwashio kipate cha kuunguza. Baadhi ya stovu hutoka kiwandani na kihisi cha kiwango. Nyingi humwachia mwenyewe afungue kifuniko na kuchungulia. Hapa tutatengeneza kipimo kinachosoma kilo zilizobaki, na kutokana na kilo hizo tutapata saa za moto, kwa kihisi cha leza na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi. Kama umewahi kupakia ESPHome, programu ya kuendeshea bodi kama hiyo, na mkono wako umezoea lehemu, kazi hii iko ndani ya uwezo wako.

Shika jambo moja tangu sasa: kihisi hupima umbali, ilhali wewe unataka kilo. Kugeuza umbali kuwa kilo ndiyo kazi yenyewe. Waya na programu ni mambo ya jioni moja.

Kabla ya kugusa chochote

Zima stovu kwa kitufe chake, iache ipoe kabisa, kisha chomoa plagi. Skrubu ya kulisha huzunguka polepole, lakini ina nguvu ya kuvunja kidole.

Usitoboe tangi. Feni ya moshi huvuta hewa kupitia chumba cha moto, na tundu jipya linaweza kubadilisha njia ya hewa hiyo hadi moshi, au hata moto, urudi nyuma kuelekea kwenye peleti. Kwa sababu hiyohiyo usiharibu gasketi ya kifuniko wala usiidanganye swichi yake, kama ipo. Waya za umeme mkubwa zilizo ndani ya stovu hazituhusu kabisa.

Hatua ya 1: Chagua kihisi

Wengi huanza na HC-SR04, kihisi cha mawimbi ya sauti, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Husemwa kwamba joto ndilo hukiharibia hesabu. Ni kweli kwa kiasi: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi na kama mita 355 katika nyuzi 40, kwa hiyo kwenye umbali wa sentimita 40 utakosea sentimita moja na nusu hivi. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni mwangwi unaogonga kuta za mteremko za tangi na kurudi na majibu ya uongo, pamoja na vumbi la mbao linalojaa kwenye vikombe vyake viwili.

Vihisi vya uzito chini ya miguu ya stovu vinavutia ukiviona kwenye karatasi, maana vinatoa kilo moja kwa moja. Tatizo ni kwamba stovu imeungwa na dohani. Dohani hubeba sehemu ya uzito, na ikipata joto hutanuka na kusukuma. Utajikuta unapima dohani. Njia hiyo inafaa tangi la akiba linalosimama peke yake.

Mimi natumia VL53L0X. Ni kihisi cha leza isiyoonekana kwa macho, ya daraja la 1 la usalama, kidogo kuliko ukucha, na kimeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70. Hakisumbuliwi na kuta kama kile cha sauti, mradi ukipachike mahali panapostahili.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kukipachika

Kihisi kinakaa upande wa ndani wa kifuniko, kikitazama chini. Kabla ya kukibandika, acha kipimajoto hapohapo huku stovu ikiwaka kwa nguvu zote kwa saa kadhaa. Ikikaribia nyuzi 60, sogea mbali na ukuta unaopakana na chumba cha moto.

Sasa angalia namna peleti zinavyoshuka. Skrubu huzichota sehemu moja chini, kwa hiyo juu hujichimba shimo lenye umbo la faneli, na kingo hubaki zimeinuka. Kihisi kikitazama katikati ya shimo, kitakuambia tangi linaisha wakati kingoni kuna kilo nyingi. Kikitazama ukingoni, kitakudanganya kinyume chake. Kwa shimo la mviringo, kimo cha wastani kipo kwenye theluthi mbili za njia kutoka katikati kwenda ukutani. Matangi mengi si ya mviringo, lakini kanuni hiyo inakaribia vya kutosha.

Kuna mpaka mwingine. VL53L0X huona kwa pembe ya nyuzi 25, yaani kwenye umbali wa sentimita 40 doa lake lina upana wa karibu sentimita 18. Kikae basi angalau sentimita 9 kutoka ukutani, la sivyo kitapima bati. Masharti hayo mawili yakigongana, fuata hili la ukuta.

Kibandike kwa mkanda wa pande mbili unaohimili joto au kwa sumaku ndogo, kikiwa sambamba na uso wa peleti. Usikifunike kwa plastiki angavu ili kukikinga na vumbi: sehemu ya mwanga hugonga hiyo plastiki na kurudi kabla haijafika kwenye peleti.

Hatua ya 3: Waya

Tumia waya bapa na mwembamba, ule unaoweza kupita juu ya gasketi kifuniko kikafunga sawasawa. Ukishafunga, jaribu kupitisha ukanda wa karatasi ya kawaida pembeni mwa waya. Ukipita kwa urahisi, hewa nayo inapita, tafuta waya mwembamba zaidi. Urefu usizidi nusu mita hivi, maana I2C, njia ambayo kihisi na bodi huwasiliana, haipendi safari ndefu.

Bodi ya ESP32 hukaa nje ya stovu, mahali pa baridi, ikilishwa na chaja ya simu. Unganisha hivi: VIN ya kihisi kwenye volti 3.3, GND kwa GND, SDA kwenye GPIO21, SCL kwenye GPIO22. Basi.

Hatua ya 4: Soma umbali mtupu

Pakia programu yenye kihisi peke yake, bila vichujio, na uone namba kwenye kumbukumbu za ESPHome. Weka kiganja sentimita 20 mbele ya kihisi: usome karibu 0.20. Kumbukumbu zikisema hakuna kifaa kwenye anwani 0x29, ambayo ni ya kihisi hiki, kagua SDA na SCL, kwa kawaida zimepishana.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa kilo

Hapa usiharakishe. Mbinu inayopendwa ni kupima umbali tangi likiwa tupu, kupima likiwa limejaa, kisha kugawanya katikati kwa asilimia. Mbinu hiyo ingefaa kama tangi lingekuwa sanduku lililonyooka. Matangi ya stovu ni mapana juu na membamba chini.

Peleti za mbao zilizomwagwa zina uzito wa takriban kilo 650 kwa mita moja ya ujazo. Tangi lenye upana wa sentimita 40 kwa 25 hupoteza basi gramu 650 kila uso unaposhuka sentimita moja. Kule chini, penye sentimita 15 kwa 15, sentimita hiyohiyo ni gramu 150 tu. Chukua tangi lenye vipimo hivi, mteremko ukianzia sentimita 18 kutoka chini, kihisi kikisoma sentimita 50 likiwa tupu na 8 likiwa limejaa: umbali unaposomeka sentimita 40, hesabu ya asilimia itakuambia imebaki karibu robo. Kwa kweli imebaki karibu sehemu moja ya tisa. Kosa hilo linakuja wakati mbaya kuliko wote, yaani mwishoni.

Kwa hiyo tunapima kwa kumimina. Maliza peleti zote, fyonza vumbi, andika umbali wa tangi tupu. Pima kilo 2 kwenye mizani ya jikoni, mimina, sawazisha uso kwa mkono, funga kifuniko, subiri dakika moja, andika. Endelea hivyo hadi lijae. Juu, tangi likishanyooka, unaweza kwenda kwa kilo 4. Huko chini usiruke hata hatua moja.

Matokeo yako yaweke kwenye ESPHome. Namba za mfano huu ni za tangi nililolieleza hapo juu, zako zitakuwa nyingine:

```
i2c:
  sda: GPIO21
  scl: GPIO22

sensor:
  - platform: vl53l0x
    name: "Peleti zilizobaki"
    unit_of_measurement: "kg"
    accuracy_decimals: 1
    update_interval: 30s
    filters:
      - clamp:
          min_value: 0.03
          max_value: 0.55
          ignore_out_of_range: true
      - median:
          window_size: 11
          send_every: 5
      - calibrate_linear:
          method: exact
          datapoints:
            - 0.08 -> 22.3
            - 0.20 -> 14.5
            - 0.32 -> 6.7
            - 0.40 -> 2.6
            - 0.50 -> 0.0
```

Kichujio cha kwanza hutupa masomo yasiyowezekana. Kifuniko kikiwa wazi, kihisi hutazama chumba na kusoma umbali mrefu kuliko kina cha tangi, nasi hatutaki namba hiyo. Cha pili huchukua thamani ya katikati kati ya masomo 11, hivyo peleti moja iliyosimama wima haikusumbui. Cha tatu ndiyo jedwali lako. Neno `exact` lisiachwe, kwa sababu bila hilo ESPHome huchora mstari mmoja ulionyooka kupita pointi zote, na umerudi kulekule kwenye asilimia.

Hatua ya 6: Kutoka kilo hadi saa

Kilo moja ya peleti nzuri ina takriban kilowati-saa 4.8. Stovu inayotoa kilowati 8 kwa ufanisi wa asilimia 90 hula kilo 1.85 hivi kwa saa, na ikishushwa hadi kilowati 2.5 hula kama 0.6. Mfuko wa kilo 15 basi hudumu saa 8 kwa moto mkubwa na saa 25 kwa moto mdogo. Ndiyo maana namba ya kilo peke yake haimsaidii mtu anayetaka kulala.

Katika Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, tengeneza kihisi cha kasi ya mabadiliko (derivative) kinachotazama saa 2 zilizopita, kisha gawanya kilo zilizobaki kwa kasi hiyo. Dirisha la dakika 15 ni fupi mno, saa zitaruka ovyo. Ukijaza tangi, kilo hupanda ghafla na hesabu huvurugika kwa muda, kwa hiyo ficha saa kila kasi inapoonyesha kupanda.

Hatua ya 7: Arifa

Weka mbili. Ya kwanza itoke kilo zikifika 3, na isitoke tena mpaka kwanza zivuke 5, ili isipige kelele kila namba inapocheza kwenye mpaka. Ya pili itoke saa moja kabla ya muda wako wa kulala, kama saa za moto zilizobaki ni pungufu kuliko saa unazolala. Hiyo ya pili ndiyo utakayoishukuru.

Kuna ya tatu ambayo miongozo mingi huisahau. Peleti, hasa zenye vumbi jingi au zilizovuta unyevu, huweza kushikamana na kutengeneza daraja juu ya skrubu. Chini pamekuwa pango tupu, juu uso umetulia, na kihisi kinaripoti kilo 10 bila wasiwasi. Moto unakufa tangi likiwa limejaa. Kihisi cha juu hakiwezi kuliona pango, lakini kinaweza kugundua kwamba uso haushuki. Ikiwa stovu inawaka na peleti hazijapungua hata nusu kilo kwa saa 2, tuma arifa.

Kujua kama inawaka, tumia soketi janja inayopima umeme: kiwashio kikifanya kazi hula wati mia kadhaa, na moto ukishashika matumizi hushuka sana. Soketi hiyo iwe ya kupima tu. Ondoa kabisa kitufe cha kuzima kwenye skrini zako, maana ukikata umeme moto ukiwaka, feni ya moshi husimama na moshi unaweza kuingia ndani ya nyumba.

Daraja likitokea, zima stovu, subiri ipoe, kisha livunje kwa kijiti cha mbao. Si kwa mkono.

Matunzo

Futa dirisha la kihisi kwa kitambaa kikavu kila unapomwaga majivu. Vumbi likizidi, kilo huanza kuonekana nyingi kuliko zilivyo, kwa kuwa mwanga unarudi kabla ya safari yake kwisha. Weka pia arifa ya kimya: ikipita dakika 20 bila namba mpya, ama kifuniko kimeachwa wazi, ama waya umebanwa.

Ukihamia peleti za kipenyo kingine, kwa mfano kutoka milimita 6 kwenda 8, au za kiwanda kingine, ujazo hulala tofauti. Huna haja ya kurudia jedwali lote. Mimina mfuko mmoja ambao uzito wake unaujua, ona namba imepanda kiasi gani, gawanya uzito wa mfuko kwa kiasi hicho, kisha zidisha kilo zote za jedwali kwa jibu hilo.