Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kihispania: mfano wa Mendoza

Mama mkwe wangu ni Mendoza, na wageni hawaishi kumuuliza kama ni wa wale mabwana wa zamani wa Guadalajara, mji wa Hispania. Huwacheka tu. Ukitaka kuchimbua jina kama hili, waache mabwana kwanza. Anza na aliye hai.

Muombe kitabu cha familia, kile kidogo ambacho serikali iliwapa wanandoa. Andika majina mawili ya ukoo ya kila mtu, la upande wa baba na la upande wa mama. Mwanamke wa Kihispania habadili jina akiolewa, basi hata bibi wa bibi utampata kwa jina lake. Wakiwapo Antonio Mendoza watatu kijiji kimoja, jina la pili litawatenganisha.

Kisha nenda Registro Civil, usajili wa raia ulioanza 1871. Omba nakala kamili ya cheti cha kuzaliwa, usikubali muhtasari. Kwenye vyeti vya zamani utakuta mara nyingi babu na bibi wa pande zote mbili na walikotoka. Shika jina la kijiji hapo. Bila kijiji umekwama.

Kabla ya 1871 ni vitabu vya kanisa, vya ubatizo na ndoa, ambavyo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika 1563, uliwataka maparoko wavitunze. Vingi siku hizi viko kwenye hifadhi za majimbo ya Kanisa. Tafuta Mendoza, de Mendoza, na Mendoça pia.

Raha yenyewe iko Valladolid, kwenye kumbukumbu za mahakama ya Real Chancillería. Waliodai kuwa wa tabaka la waungwana, lililosamehewa kodi, walifungua kesi huko, na wazee wakaitwa kueleza kwamba walimjua babu wa mtu na hakuwahi kutozwa. Kesi moja inaweza kukupa vizazi vitatu. Orodha yake ipo bure kwenye PARES, tovuti ya hifadhi za nyaraka za Hispania.

Asili ya jina? Mendoza ni kijiji cha Álava, karibu na Vitoria, katika nchi ya Wabaski, na mnara wa ukoo ungalipo. Aliyetoka huko aliweza kuitwa "de Mendoza", awe bwana au mchunga kondoo. Tawi moja la ukoo huo lilihamia ufalme wa Castilla, na humo akatokea Íñigo López de Mendoza (1398–1458), mshairi na markizi (cheo cha kibwana) wa kwanza wa Santillana. Kuwa na jina lake hakukufanyi mjukuu wake.

Kwa Wafilipino tahadhari izidi: 1849 gavana wa Kihispania wa huko, Narciso Clavería, aliagiza familia zigawiwe majina kutoka kwenye orodha, kwa hiyo jina la Kihispania pale si ushahidi wa damu ya Kihispania.

Na zile nembo za ukoo zinazouzwa kwa watalii, kila jina na ngao yake, ziacheni dukani. Nembo ilikuwa ya mtu fulani na uzao wake, haikuwa ya kila aliyeitwa Mendoza.