Somo: Kusawazisha mlinganyo wa kemia bila kukariri

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza na cha pili wanakwama kwenye kusawazisha milinganyo, yaani kuhakikisha atomu za kila aina zinalingana pande zote mbili za mshale, na ukipitia madaftari yao utaona tatizo ni lilelile: wanabadilisha namba isiyobadilishwa. Tuanzie hapo. Ukielewa hilo, kilichobaki ni kuhesabu.

Hatua ya 1: Tofautisha namba ya mbele na namba ya chini

Angalia 2H₂O. Ile namba ndogo iliyokaa chini, baada ya H, ni sehemu ya kitu chenyewe. Inasema kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Ile kubwa ya mbele inasema molekuli ziko ngapi. Ya mbele ni yako, ipandishe kadiri hesabu inavyodai. Ya chini usiiguse. Ukiweka 2 chini ya oksijeni ili "itoshe", unapata H₂O₂, na hayo si maji tena. Ni haidrojeni peroksaidi, ile inayotumika kupaushia nywele.

Nataka hili likae kichwani, kwa hiyo tuchukue mkaa. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukiwaka kwenye hewa ya kutosha:

C + O₂ → CO₂

Hewa ikiwa haba, kama kwenye chumba kilichofungwa madirisha usiku wa baridi:

2C + O₂ → 2CO

CO₂ ni hewa ukaa, tunaitoa kila tunapopumua. CO ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Fomula hizo mbili zinatofautiana kwa atomu moja tu ya oksijeni. Mwanafunzi anayefuta ile 2 ya chini ili mlinganyo ukae sawa amebadilisha kitu kimoja kuwa kingine kabisa. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale ndani na watu.

Hatua ya 2: Hesabu atomu pande zote mbili

Kanuni hii ilielezwa wazi na Mfaransa Antoine Lavoisier mwaka 1789: katika mmenyuko hakuna kinachopotea wala kinachozuka, atomu zinapangwa upya tu. Kwa hiyo idadi ya kila elementi kushoto mwa mshale lazima ilingane na ya kulia.

Chukua chokaa ya Pwani, ile iliyojengea kuta za mawe za Lamu, Zanzibar na Kilwa. Mawe ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, yanachomwa kwenye tanuri hadi kufikia nyuzijoto 900 hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kushoto: Ca 1, C 1, O 3. Kulia: Ca 1, C 1, na O ni 1 + 2 = 3. Umesawazika wenyewe. Ukichoma kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi mpaka iishe, unabaki na kilo 56 za CaO, ndiyo chokaa yenyewe. Zile kilo 44 hazijapotea, zimeondoka angani kama hewa ukaa.

Hatua ya 3: Acha oksijeni iwe ya mwisho

Gesi ya mtungi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Tuanze na propani:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni kushoto ni 3, kwa hiyo weka 3 mbele ya CO₂. Haidrojeni ni 8, na kila molekuli ya maji inachukua 2, kwa hiyo weka 4 mbele ya H₂O. Sasa hesabu oksijeni ya kulia: 6 + 4 = 10. Kushoto zinakuja mbilimbili, hivyo zinatakiwa molekuli 5.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Tumeacha oksijeni mwisho kwa sababu kulia imo kwenye vitu viwili, na kushoto iko peke yake. Ukianza nayo utarudia hesabu mara nyingi bila sababu.

Hatua ya 4: Hesabu tena. Usiruke.

Zoezi: Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂. Huu ndio mmenyuko wa kupata chuma kwenye tanuri la kuyeyushia.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimejaribu butani, C₄H₁₀. Oksijeni ya kulia inakuja 13, haigawanyiki kwa mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Andika 6½ mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo mzima kwa 2: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Nusu inaruhusiwa njiani, mwishoni tunaandika namba kamili.

Swali: Kwenye mabano nahesabuje? Mfano 3Ca(OH)₂.

Jibu: Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani. Ca(OH)₂ moja ina Ca 1, O 2, H 2. Zikiwa tatu: Ca 3, O 6, H 6.

Swali: Kwa nini tunaandika O₂ lakini kaboni tunaandika C tu?

Jibu: Oksijeni ikiwa peke yake, atomu zake hutembea mbilimbili. Ziko saba za namna hiyo, na hizi inabidi uzijue: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Zikiwa ndani ya kampaundi, yaani zimeungana na elementi nyingine, fuata fomula ya kampaundi.

Swali: Nikipewa mkaa na oksijeni kwenye mtihani, nitajuaje kama jibu ni CO au CO₂?

Jibu: Kusawazisha hakutakuambia, maana milinganyo yote miwili inakubali. Soma swali: "hewa ya kutosha" ni CO₂, "hewa haba" ni CO. Kinachotokea kweli kinajulikana kwa majaribio, hesabu inafuata baadaye.

Swali: Zoezi nimepata 2Fe₂O₃ + 6CO → 4Fe + 6CO₂. Ni sahihi?

Jibu: Atomu zinalingana, hongera. Ila namba zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo punguza: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂.